Alasiri Iliyohifadhiwa

Mjane wa Mwalimu aliniletea laptopu ya mumewe ikiwa imefungwa kwa leso mbili, moja juu ya nyingine, kama mtu anayebeba mkate ambao hataki upoe. Aliiweka juu ya meza yangu, akaketi, akashusha buibui mabegani.

Nyumba yao na yangu, pale mtaa wa Mkomani, zimegusana ukuta kwa ukuta. Mimi hutengeneza kompyuta na simu katika chumba cha mbele, na jioni mbili kwa juma huwafundisha wasichana kupiga chapa. Mwalimu, mumewe, alikuwa amestaafu zamani. Mtaa mzima tulimwita Mwalimu, hata mke wake. Alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya siku ile ya leso mbili.

Alifariki wakati mkewe yuko kisiwani Pate, kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Majirani hawakumwona msikitini Maghribi, wakaingia, wakamkuta kitandani ameelekea ukutani. Juu ya stuli palikuwa na vidonge vyake vya presha na gilasi ya maji bado imefunikwa kisahani. Hayo yote mjane alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa, huku akiitazama laptopu.

"Nataka barua za babu yangu," alisema mwishowe. "Mwalimu alikuwa akizinakili humo. Zile za karatasi zimeliwa na mchwa. Zilizosalia ni hizi tu, na hii haiwaki."

Haikuwaka kweli. Chumvi ya bahari ilikuwa imeingia ndani na kugeuza shaba yote kijani. Nilichoweza kuokoa ni diski. Niliitoa, nikaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yangu, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba Mwalimu alikuwa akitumia Linux, mfumo ambao kwa kawaida ni wa mafundi. Hakuwahi kuniambia. Miaka yote nilikuwa jirani yake na fundi wa pekee wa mtaa, na yeye alijifunza peke yake nyuma ya ukuta ule ule.

Barua hazikuwemo mahali watu huweka barua. Kulikuwa na folda moja kubwa tu, na ndani yake mashine pepe.

Mashine pepe ni kompyuta iliyo ndani ya kompyuta. Programu inaigiza kila kitu, skrini, diski, hata saa, na mfumo unaokaa humo haujui kwamba hauna mwili wake. Nilielewa kwa nini Mwalimu aliihitaji. Barua za babu mkwe wake zilikuwa za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na programu aliyoizoea ya kuchapa herufi zile ilikuwa ya zamani, haikubali mifumo ya siku hizi. Kwa hiyo aliuweka mfumo wa zamani ndani ya mpya, akawa anaingia humo kufanya kazi na kutoka.

Sasa, mashine pepe hufungwa kwa njia mbili. Unaweza kuizima kama kompyuta yoyote. Au unaweza kuihifadhi ilivyo: kila kilichokuwa kwenye skrini na kwenye kumbukumbu kinaandikwa kwenye faili, na ukiifungua tena, hata baada ya mwaka, inaendelea kutoka herufi ile ile. Ya Mwalimu ilikuwa imefungwa kwa njia ya pili. Nilitazama tarehe ya faili. Ilikuwa siku aliyokufa, saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri.

Niliisoma tarehe ile mara tatu. Siku ile naikumbuka vizuri kwa sababu mtaa wetu ulikuwa hauna umeme, na usiku tulikaa kwenye msiba kwa taa za betri.

Hali iliyohifadhiwa ni kitu chenye maringo. Toleo la programu likitofautiana, au kichakataji, ubongo wa kompyuta, kikiwa cha aina nyingine, hukataa kufunguka, na ukilazimisha unaipoteza. Faili la kumbukumbu za matukio ndani ya folda lilinipa namba ya toleo alilokuwa akitumia. Nilikuwa na laptopu moja kuukuu iliyokaribiana na yake. Nikaisafisha, nikaiwekea Linux upya, nikaanza kutafuta toleo lile la zamani la programu.

Kazi ile ilinichukua siku tatu. Kuta za mawe za nyumba zetu hazipitishi mtandao, kwa hiyo nilipakua faili juu ya paa, simu mkononi, nguo za jirani zikinipiga usoni. Niliposakinisha, ikaniambia moduli za kiini, vipande vya kuiunganisha na mfumo, hazikujengwa kwa sababu vichwa vyake, yaani faili za kuzijengea, havimo. Nikapanda tena paani kuvitafuta. Zikajengwa, lakini mfumo ukakataa kuzipakia kwa kuwa hazina sahihi ya usalama. Nikatengeneza ufunguo wa kuzitia sahihi, nikawasha upya, na skrini ya buluu ikatokea kuniuliza kama naukubali. Ilisubiri sekunde chache tu ikapita, kwa sababu nilikuwa nimegeuka kumjibu mtu mlangoni. Nikarudia. Baada ya hapo ikasema kichakataji hakiruhusiwi kubeba mashine nyingine. Nikaingia kwenye mipangilio ya chini kabisa ya laptopu, nikageuza swichi moja, nikawasha tena.

Safari hii programu ilifunguka. Nikaiongeza mashine ya Mwalimu kwenye orodha. Chini ya jina lake likatokea neno moja, kwamba imehifadhiwa.

Kabla ya kuigusa nilifanya nakala ya folda nzima. Kisha nikabonyeza.

Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali nje, watoto wa madrasa wakisoma kwa pamoja upande wa pili wa ndia inayopita mlangoni kwangu. Mstari wa kupakia ulitambaa, ukasimama, nikadhani imekufa. Halafu skrini ikajaa ghafla: mistari ya herufi za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, na mwisho wa mstari wa chini, kishale kikipepesa baada ya neno lililokatwa katikati. "Nime," lilisema. Hakuna kilichofuata.

Pembeni chini kulikuwa na saa. Ilisoma tisa na dakika arobaini na mbili. Nilipokuwa nikiitazama ikawa arobaini na tatu.

Sikuweza kuondoa macho pale. Kwangu ilikuwa asubuhi, na chai yangu ilikuwa bado ina mvuke. Ndani ya dirisha lile ilikuwa alasiri ya siku ya msiba, na Mwalimu alikuwa bado hai. Labda alikuwa amesimama tu kutafuta kiatu.

Nikaanza kuzisoma barua, nikipandisha ukurasa polepole bila kugusa herufi hata moja. Zilikuwa habari za shamba, za minazi, za mtoto aliyeugua. Nilizama. Nikasahau saa. Na ilipofika saa kumi kamili ndani ya mashine, sauti ya mwanamume ikasema, karibu sana na uso wangu:

"Mwalimu."

Kimya.

"Mwalimu. Dawa."

Nilikifunga kifuniko cha laptopu kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimemfahamu kabla akili haijafahamu chochote. Nilikwenda kusimama mlangoni, nikawatazama watu wakipita. Ndipo nikaelewa: ilikuwa kengele ya kukumbushia. Mwalimu alijirekodi mwenyewe ili ajiite kila siku saa kumi anywe vidonge vyake. Hakupenda milio, alikuwa akisema inamfanya ajione yuko darasani.

Jioni nilichunguza kumbukumbu za matukio ya kompyuta yake ya nje, ile iliyoibeba ile ya ndani. Chaji ilikuwa imekwisha na umeme hakuna. Alihifadhi kazi saa tisa na arobaini na mbili, na dakika mbili baadaye laptopu nzima ikazimwa. Adhana ya Alasiri ilikuwa inaingia muda huo huo. Alikwenda kusali, akarudi, akalala. Kengele ya saa kumi haikulia. Hapakuwa na mahali pa kulia.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu kabla ya kubisha hodi kwa mjane.

Nilimweleza kila kitu kama nilivyokieleza hapa. Alisikiliza akiwa anachambua mchele, na vidole havikusimama ila mara moja.

"Mimi nilidhani aliisikia akapuuza," alisema. "Alikuwa mkaidi wa dawa. Miaka miwili nimemlaumu. Kila nikimwombea, nikimaliza, namlaumu."

"Hakuisikia, Bi."

"Hakuisikia," alirudia. Aliisukuma sinia kando. "Nataka kuisikia mimi."

Akaja siku ya pili baada ya Adhuhuri. Nilirudisha nakala, nikaifungua. Nikamwambia tunaweza kuisogeza saa mbele ili asisubiri. Akakataa. Aliketi mbele ya skrini dakika zote kumi na nane, mikono mapajani, akitazama neno lililokatwa. Alijua kuzisoma herufi zile kuliko mimi. Aliisoma nusu ile kwa sauti ya chini, "nime," akangoja kama mtu anayemngojea mwenziwe amalize kuzungumza.

Saa kumi ikafika.

"Mwalimu," sauti ikasema.

"Labeka," mjane akajibu.

Hakukusudia. Niliona alivyoshtuka kwa kusikia mdomo wake umeitika. Sauti ikaendelea, "Mwalimu. Dawa," nikaizima. Aliniomba maji, akayanywa yote, akaondoka.

"Kesho ntakuya," alisema mlangoni.

Na alikuja. Alikuja kesho na keshokutwa, na siku zilizofuata, kila siku wakati ule ule. Kila siku nilifuta kilichopita na kurudisha nakala, na kila siku Mwalimu alikuwa ameacha neno katikati dakika hiyo hiyo. Mjane alianza kuvaa vizuri. Siku moja alikuja na udi umemkaa nguoni. Mara moja alinyoosha kidole kuelekea kibodi, nikaushika mkono wake.

"Ukiandika herufi moja, haitakuwa yake tena," nilimwambia.

Akaurudisha mkono taratibu. Sijui kama nilifanya vyema.

Mimi pia nilianza kubadilika. Nilikuwa nikila chakula cha mchana haraka ili nisichelewe. Nilizoea kimya cha dakika kumi na nane kiasi kwamba mteja akiingia katikati nilimnyamazisha kwa kidole mdomoni, kama kwamba ndani kuna mgonjwa. Siku ya tisa simu ya mtu iliyokuwa mezani ilitoa mlio, nami nikaitika labeka nikiwa peke yangu.

Siku ya kumi na moja nilimwacha mjane mbele ya skrini nikaingia jikoni kuchemsha chai. Siku zote mimi ndiye niliyeizima kengele baada ya neno "dawa", kwa kuwa kimya kilichofuata sikukipenda. Siku hiyo maji yalichelewa kuchemka. Nilimsikia Mwalimu akiita. Nilimsikia mjane akiitika. Kisha, baada ya kimya kirefu, nikamsikia mwanamke akinena katika chumba cha mbele, na haikuwa sauti iliyotoka pale mjane alipoketi.

Nilipofika alikuwa amesimama, mgongo ukutani.

"Ni nani huyo?" aliniuliza.

"Amesema nini?"

"Weka tena."

Nikarudisha nakala. Nje watu walikuwa wakiuziana samaki na kucheka. Saa kumi ikafika. Mwalimu akajiita. Hakuna aliyeitika safari hii. "Mwalimu. Dawa." Kimya, na ndani ya kimya nikasikia kitu ambacho sikutarajia kukisikia: chumba. Kuku mbali, chombo cha chuma kikiwekwa chini. Halafu sauti ya mwanamke, kutoka nyuma ya Mwalimu:

"Wanena na nani?"

Na Mwalimu, akiwa karibu kucheka, akajibu, "Sineni na mtu."

Rekodi ikaisha hapo.

Mjane aliketi. Uso wake ulikuwa umebadilika na haukuwa na huzuni. "Mimi nalikuwa Pate," alisema. "Mwanamke gani alikuwa ndani ya nyumba yangu?"

"Rekodi si ya siku hiyo, Bi. Aliitengeneza kabla, na huenda kila siku aliizima mapema kama mimi. Tazama tarehe yake, ni miezi mingi nyuma."

"Mwanamke gani?"

"Ni wewe."

Alinitazama kama nimemtukana. "Sauti yangu mimi siijui?"

Sikuwa na njia nyingine. Nilichukua simu yangu, nikaiweka kurekodi, nikamwomba aseme maneno yale yale. Alikataa, kisha akayasema, kwa hasira, akiutazama ukuta. Nikamsikilizisha rekodi. Alisikiliza huku amefumba mato.

"Hiyo ndiyo ya kwenye kompyuta," alisema.

"Hapana, Bi. Hii ni ya simu. Umeisema sasa hivi."

Nikazicheza moja baada ya nyingine, mara mbili. Alifumbua mato, akaitazama simu, akaitazama laptopu.

"Ndivyo munisikiavyo?" aliuliza. "Nyote?"

"Ndivyo."

Halafu akasema, kwa sauti ambayo sasa na mimi niliisikia upya, "Nalikuwa nakuna nazi. Nikamsikia akijiita. Nikamuuliza, akanambia haneni na mtu. Nikarudi jikoni." Akachukua mkoba wake. "Hata sikutoka kumtazama."

Hakuja siku tano. Siku hizo nilihamishia kazi yangu kwenye ukumbi wa nyuma, na mchana nilipokuwa na haja ya kitu katika chumba cha mbele nilimtuma msichana yeyote aliyekuwepo. Sikuwaambia kwa nini. Laptopu ilikuwa imezimwa, waya umetolewa, lakini ikikaribia saa kumi nilikuwa nikifungua redio.

Siku ya sita alibisha hodi mapema.

"Iwache iende yeo, siku hii moja," alisema. "Usiirudishe. Usiizime."

Tukaketi wote wawili. Saa kumi Mwalimu aliita, mjane akaitika, na yule mwanamke mwingine akauliza ananena na nani. Mjane alisikiliza mpaka mwisho. Kisha dakika ambazo hatukuwahi kuzifikia zikaanza kupita. Kumi na dakika tano. Kumi na dakika kumi.

"Sasa amesharudi, avua kanzu," alisema.

Baadaye akasema, "Sasa apanda ngazi. Hupumzika ngazi ya sita."

Kishale kiliendelea kupepesa kwenye neno lile. Nilitamani sana kitu kitokee, na niliogopa sana kisitokee, au kinyume chake. Mpaka leo sijui ni lipi. Ilipofika saa kumi na moja ndani ya mashine akasema, "Sasa amelala," akaufunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Hakulia. Tuliendelea kukaa. Kabla saa ya mashine haijafika Maghribi akaniambia niizime, nami nikaizima kwa njia ya kawaida, ile isiyobakisha kitu.

Nilipoiwasha tena nilirekebisha tarehe, nikaitoa ile kengele, nikazichapisha barua zote. Ukurasa wa mwisho unaishia kwenye nusu ya neno. Tulitafuta karatasi ya asili ndani ya kasha lililoliwa na mchwa tusiipate, kwa hiyo hakuna anayejua babu yake aliandika amefanya nini.

"Na ile nyingine ifute," mjane aliniambia, akimaanisha nakala. Nikaifuta mbele yake.

Usiku ule sikulala vizuri. Mtu wa kazi yangu hafanyi nakala moja. Nilikuwa nimeweka nyingine kwenye diski ya nje siku ile ile ya kwanza, kwa mazoea, na alipokuwa akinitazama nikifuta nilinyamaza. Asubuhi nilikwenda kumwambia. Alikuwa amefunga mizigo, anahamia Kiwayu kwa dada yake, na barua zilikuwa ndani ya bahasha juu ya godoro lililokunjwa.

Hakukasirika.

"Iweke," alisema. "Lakini usiifungue ukiwa peke yako. Ukimuitika mara nyingi atakuzoea."

Nikamwuliza kama anasema kweli au ananitania. Aliniomba nimshikie ncha ya kamba tufunge godoro.

Diski ile ninayo. Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja, fundi kutoka Mombasa, alilala kwangu siku mbili akaniomba nimwazime diski ya kubebea mafaili yake. Aliiona pale kwenye rafu, akanyoosha mkono. Nikamwambia imeharibika, nikaenda madukani kumtafutia nyingine.